Jemedari wa Gia na Gari la Kahawia

Jumatatu, 4 Agosti

Limefika! Gari la familia, refu nyuma, rangi ya kahawia, gia za mkono. Limeshushwa leo asubuhi kwenye duka la magari anakouza shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nimeliona kwa macho yangu kupitia kioo. Kazini niliaga kwamba naenda kununua brashi. Sisi tunauza rangi za nyumba. Brashi tunazo ukuta mzima. Bosi alinitazama, kisha akautazama ukuta.

Nani alisema kampuni za magari hazisikilizi watu wa mtandaoni? Mwaka mzima kundi letu, Watetezi wa Gia za Mkono, limewaandikia. Kiongozi ni mimi. Huko naitwa Jemedari. Kila wakitangaza gari jipya, hata liwe lori la taka, tunaandika chini yake: tupeni refu, la kahawia, gia za mkono! Maelfu waliapa kununua siku ya kwanza. Shemeji akampelekea Meneja wake viapo vyote. Meneja akaagiza moja, alipime soko.

Shemeji kanivuta kando. Lisipopata mnunuzi hadi Jumamosi jioni, linarudishwa lilikotoka, na yeye anahamishiwa kaunta ya mazulia ya gari na waipa za kufutia vioo. Kasema, "Shemeji, nimesimama kwa neno lako tu." Alikuwa anatoka jasho. Nikamwambia apumzishe moyo. Kazi itakuwa kuwaamua wanunuzi wasitoane macho.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetangaza kundini saa ya chai. Shangwe! Vipicha vya mioyo na mizinga, vigelegele vya maandishi. Mmoja kaandika kwamba analia. Mwingine kasema sasa anaweza kufa kwa amani.

Nikauliza nani anakuja kununua kwanza.

Visingizio vikaanza.

Mmoja alitaka kahawia iliyoiva zaidi. Mwingine kasema viti vingekuwa vya kitambaa angekuwa ameshafika dukani. Profesa Pistoni, ambaye ni mpinzani wangu na hana uprofesa wowote, kaandika aya ndefu kueleza kwamba kirungu cha gia ni cha plastiki, kwa hiyo kampuni haijatusikiliza, imetudhihaki.

Halafu mmoja kaandika ukweli: atanunua, lakini litakapokuwa mtumba. Acha wengine wanunue jipya, walitumie miaka mitano, walitunze vizuri, kisha yeye atalichukua kwa bei ya maana. Loo! Kila mtu akaandika "mimi pia." Wamepanga na foleni ya kulinunua mtumba. Foleni ndefu kupita kiasi. Hakuna hata mmoja wa kuwa mtu wa kwanza.

Aibu kubwa. Nimewakemea vikali. (Katika foleni mimi ni namba moja. Kiongozi lazima aonyeshe njia.)

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya, na ni mzuri ajabu! Mke wangu amekuwa akiweka akiba ya gari jipya. Nilipika mimi. Niliosha vyombo mimi. Kisha nikamweleza uzuri wa klachi: mtu na mashine kuzungumza, mguu wa kushoto kupata heshima yake.

Kauliza kama buti linajifungua lenyewe mtu akiwa na mizigo mikononi. Nikasema halijifungui. Kauliza kama kiti kinapata joto. Nikasema joto analo dereva mwenyewe, kwa ile kazi ya gia. Kauliza kwa nini anunue gari la kumtafutia kazi wakati anazo nyumbani na kazini.

Nikamwuliza basi watu hununua gari jipya kwa nini, kama si kwa mapenzi ya kuendesha? Kajibu bila kuinua macho kwenye simu. Anataka jipya kwa sababu la sasa linagonga chini, na kila likigonga mimi husema si kitu.

Si kitu. Ni mpira tu umelegea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimewaita wanakundi dukani ana kwa ana. Wakiliona watalainika, nilijua. Na wamekuja! Maegesho yalifurika. Shemeji alitaka kunikumbatia. Meneja mwenyewe alitoka ofisini. Ni mama mpole, miwani kwenye paji la uso. Kaagiza biskuti.

Wakafungua boneti. Wakalala chini kutazama tumbo la gari. Wakapiga picha mpaka betri za simu zikaisha. Biskuti zikaisha pia. Profesa Pistoni alikwaruza kirungu cha gia kwa ukucha, akatazama watu kama daktari mwenye habari mbaya.

Meneja akauliza nani analitaka. Wote wakatazama dari. Dari ni nyeupe, haina kitu. Akauliza nani kati yao amewahi kununua gari jipya, lolote, maishani. Mkono mmoja ukainuka. Alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Hapo mama akasema bila hasira. Kasema wanaomwandikia hawanunui, na wanaonunua hawamwandikii. Wanunuzi wake huja na swali moja au mawili. Litaingia geti langu? Simu itaungana na redio? Jirani ananunua lipi? Kisha wanalipa na kuondoka. Katika miaka yake yote ya kuuza magari, injini wameiulizia wachache, tena wakijua shemeji zao wapo wanasikiliza.

Ukumbi ukapoa. Nikaona nitawapoteza. Nikatangaza kwamba Jemedari mwenyewe ataliwasha na kulizungusha, watu waonje mlio.

Niseme jambo moja, kwa kuwa hii ni shajara yangu na haisomwi na mtu. Gari langu ni otomatiki. Yote niliyowahi kumiliki yalikuwa otomatiki. Kuhusu gia za mkono nimesoma sana.

Liliruka kama chura. Likazima. Nikaliwasha, likaruka tena, safari hii mbali zaidi. Mbele yake palikuwa na picha za kadibodi za familia yenye furaha, kila mtu na yake, ukubwa wa watu halisi. Baba kalala chini. Mama na watoto wamebaki wamesimama, wanatabasamu.

Gari halikupata hata alama, namshukuru Mungu. Lakini Profesa Pistoni alikuwa anarekodi.

Ijumaa, 8 Agosti

Video imezunguka kote. Bosi wangu ameiona. Mteja aliyekuja kununua rangi ya jikoni ameiona, kaniuliza yule baba anaendeleaje.

Shemeji ameonyeshwa kaunta ya waipa. Kapiga simu, sauti ndogo. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema tu kwamba waipa zipo za aina mbili, ngumu na laini, na kwamba atazoea.

Nimewaandikia wanakundi wote mmoja mmoja, nikabembeleza. Majibu yamekuja haraka: wanauliza kama baada ya ule mruko wangu bei ya mtumba itashuka.

Jumamosi, 9 Agosti

LIMEUZWA!

Mama mkwe kaingia dukani karibu na kufunga, mimi na shemeji tukihesabu dakika. Hakuja kununua. Alikuja kuona mahali baba wa kadibodi alipoangukia, kwa kuwa amecheka tangu jana. Ni mwalimu mstaafu wa michezo. Zamani alikuwa akiendesha basi dogo la timu ya netiboli ya shule, gia za mkono, wasichana wakiimba nyuma.

Kazunguka gari mara moja. Kakaa kwenye usukani. Kamuuliza mwanawe, yaani shemeji, kama anaweza kuliendesha. Shemeji, kichwa chini, kakiri kwamba hawezi. Hata pale dukani lilisukumwa na mafundi. Na dada yako je? Hawezi. Na wale wadogo zako wawili? Hawawezi, mama.

Kisha kanigeukia mimi. Hakuuliza. Kacheka tu, akafuta machozi.

"Basi nalitaka," kasema.

Kaeleza kwamba ana gari, lakini halioni. Jumapili analo shemeji. Katikati ya wiki analo mke wangu, letu likigonga sana. Likirudi, tangi limekauka, kiti kimesogezwa nyuma, na redio inapiga kelele za ajabu. Mwaka mzima amekuwa akitafuta gari ambalo wanawe hawataweza kuliazima. Hakujua kama bado yanatengenezwa.

Kuhusu rangi, kasema haina neno, haionyeshi vumbi. Kirungu cha plastiki hata hakukitazama. La zamani kalitoa palepale liwe sehemu ya malipo, kakabidhi ufunguo kwa Meneja. Kisha jipya kaliondoa bila mtikisiko, kaliingiza barabarani kama mtu anayeteleza kwenye sabuni, na kupiga honi mara moja.

Shemeji kacheka, kalia, kanikumbatia. Kazi yake ipo! Halafu katulia ghafla. Kauliza kesho ataenda na nini kwa mchumba wake.

Jumapili, 10 Agosti

Ushindi! Nimeandika kundini kwa herufi kubwa: TULIOMBA, WAKALETA, LIKANUNULIWA. Nimeeleza kwamba mnunuzi ni mpenzi wa kweli wa gia za mkono, aliyevutwa na kampeni yetu, na hasa na video. Mioyo imemiminika. Hata Profesa Pistoni kaweka mmoja, mdogo.

Nimempigia mama mkwe kumwomba anihifadhie gari hilo miaka mitano. Alikuwa anaendesha. Nilisikia klachi ikifanya kazi yake, halafu simu ikakatika.

Nisipoteze muda, chuma kingali moto. Mchana huu nimeanzisha kampeni mpya: pikapu, milango miwili, kijani kibichi, gia za mkono, madirisha ya kuzungusha. Maelfu wameshaapa. Nimeituma kwa kampuni, na majibu yamekuja kabla sijaweka simu chini! "Asante. Maoni yako ni muhimu kwetu." Maneno yaleyale ya mara ya kwanza, neno kwa neno. Hawa watu hawabadiliki. Wanasikiliza!

Nimempigia shemeji nimpe habari njema. Hapatikani. Atakuwa anatembea kwa miguu, huenda simu ameiweka mfuko wa nyuma. Kesho nitapita dukani kumweleza Meneja mwenyewe. Nitamwambia asiogope, aagize mawili. La kwanza atanunua mtu yeyote. La pili nalichukua mimi, likishatumika kidogo.