Makaa Yaliyozikwa Mambrui

Badi hakuwa mwizi, jamani, tusimsingizie mtu. Mwizi huvunja mlango; Badi alifunguliwa, akakaribishwa kwa chai na mahamri. Nusu ya mji wa Malindi ilikwisha kumkaribisha hivyo, na ndiyo maana hakuthubutu kutembea kwa miguu. Alikuwa na pikipiki nyekundu, na pikipiki hiyo ndiyo iliyomtenga na watu wenye hamu kubwa ya kumshika kola. Angekubali kupoteza kila kitu duniani isipokuwa hiyo.

Mwaka wa themanini na nane, kabla ya masika, alikuwa Mambrui, dukani kwa Mzee Awadh, akamsikia Mama Ingrid akilalamika. Huyu alikuwa mjane wa Kizungu mwenye kiwanja kikubwa pale kijijini, na redio yake ilimwambia kwamba moshi unaitia dunia joto.

"Mti ukioza, hewa mbaya inatoka. Mti ukichomwa, hewa mbaya inatoka," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Ni nani atakayeifunga hewa hii?"

"Mimi, Mama," akasema Badi, mkono kifuani. "Mti ukishageuka makaa hauozi tena. Ukiyazika makaa, umeizika hewa yenyewe. Miaka elfu haitoki. Na gharama si kubwa: makaa, vibarua, na uangalizi."

"Uangalizi ni nini?"

"Ni mimi."

Mama Ingrid akatoa pesa pale pale. Masikini, roho yake ilikuwa safi.

Bila shaka Badi hakuwa na nia ya kuyaacha makaa ardhini. Kila masika Mama Ingrid huenda kwao Ulaya, na mwaka huo masika iliangukia Ramadhani. Kuni zitalowa, kila nyumba itapika futari, na bei ya makaa itapanda mpaka watu washike vichwa. Hapo Badi atafukua na kuuza. Alipwe kwa kuzika, alipwe kwa kufukua! Alicheka peke yake njiani kama mwenda wazimu.

Makaa yalikuwa ya Kache, mama wa Kigiriama aliyeyachoma huko Marafa. Kumlipa taslimu? Thubutu! Pesa ikishaingia mfukoni mwa Badi haikuwa na mazoea ya kutoka kulipa madeni.

"Nitayafukua Ramadhani, niuze, nikupe chako, mama yangu," alimbembeleza.

"Na usiponipa?"

"Mimi, Badi?"

"Ndiyo maana nauliza, mwanangu."

Ikabidi aiweke pikipiki rehani. Mzee Awadh akawa shahidi, akaifungia stoo: Badi akilipa kabla ya Idi, ataichukua, asipolipa, ni ya Kache. Makaa yakazikwa kwa heshima zote katika handaki kiwanjani kwa Mama Ingrid, mwenyewe akafuta machozi, akaenda zake Ulaya. Badi naye akajificha Mambrui, maana Malindi bila pikipiki ilikuwa hatari.

Kumi la kwanza la Ramadhani lilipokwisha, akaenda kiwanjani na jembe begani. Lo! Juu ya lile handaki palikuwa na miche ya minazi, safu kwa safu, na Kache kainama anapalilia.

"Shikamoo, mama. Nini hii?"

"Marahaba. Minazi."

"Naiona! Nani kaipanda?"

"Mimi. Mama Ingrid alinipa ruhusa kabla hajapanda ndege. Nilimwambia kuna wajanja watakuja kufukua. Alishtuka, masikini!"

Badi akainua jembe. Mzee Awadh, aliyekuwa akipita kwenda msikitini, akasimama.

"Pole pole, kijana. Kiwanja ni cha Mzungu, lakini mnazi ni wa aliyeupanda. Hujui hilo, nawe mtu wa pwani? Ng'oa mmoja tu, chifu atakulipisha nazi ambazo hata hazijazaliwa."

"Lakini makaa ni yangu!"

"Yako, nani kakataa?" akasema Kache. "Yatoe. Mizizi tu usiiguse. Nimeyachanganya na mavi ya mbuzi, yanashika maji ajabu. Hebu tazama majani yalivyo!"

Badi akaketi chini. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ametimiza kazi aliyolipwa, tena bila kupungua hata kipande kimoja.

Pesa za Mama Ingrid alikuwa ameshazitafuna zote, kwa hiyo siku zilizobaki alihangaika huku na huko, akakopa, akaapa, akalia machozi ya kweli. Hapana aliyempa kitu. Asubuhi ya Idi, Kache alikuja na mkwewe, akakabidhiwa pikipiki mbele ya shahidi, akapanda nyuma na kanga mpya kichwani.

"Idi njema, mwanangu," alisema, wakaondoka na vumbi lao.

Badi alibaki kasimama katikati ya njia. Watu wa Malindi walikuwa wameanza kushuka Mambrui kuwapa jamaa zao mkono wa Idi. Alipogeuka akimbie, kumbe wa kwanza kashamfikia, kamkumbatia kwa nguvu, shavu kwa shavu, kama ilivyo ada ya siku kuu.

"Badi, ndugu yangu! Idi mubaraka!"

Badi akasubiri aachiwe. Hakuachiwa.

"Omar!" yule mtu akaita juu ya bega lake. "Waite na wenzetu. Nimempata."