Matope ya Rangi Nyingine

Alhamisi, 9 Novemba 1967
Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Ukishindwa, soma huku umefumba mdomo. Neno moja likifika ofisini, sina kazi.

Leo Bwana Hiza, karani mkuu, ametangaza matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha. Lori litatupandisha Bungu, tutashuka hadi Korogwe kwa miguu. Siku mbili za milima, misitu na mabonde, na mvua za vuli zimeanza. Mimi na Semboja bado tuko kwenye majaribio, na nafasi ya kudumu ni moja. Jumatatu atachagua. Anasema miguu yetu ndiyo itakayoamua. Nikikosa, narudi Kerenge kwenye duka la baba, kupima mafuta ya taa hadi kaburini.

Semboja, mtoto wa Bungu, ameniuliza mbele ya watu kama matope nimewahi kuyakanyaga au nimeyasoma tu.

Nimeyasoma.

Ijumaa, 10 Novemba
Nimeingia kazini nachechemea, mguu umefungwa bendeji. Nimempa Bwana Hiza shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Amefurahi sana. Amesema mwenye kidonda atabeba bendera mbele, watu wauone moyo wake.

Kufikia saa sita nimepona.

Jumamosi, 11 Novemba
Bungu. Mvua. Matope mekundu, njia imeinama kama paa. Msituni nimekumbatia kila mti tuliopita. Wenzangu wanaimba, mimi nasali. Semboja anateremka na mzigo wake na wa mama mmoja, tena anapiga mluzi. Kiatu changu cha kushoto kimezama. Kimebaki huko kinaunga mkono Azimio peke yake.

Tumelala darasani, shule ya njiani. Kesho sitembei. Nina mpango.

Jumapili, 12 Novemba
Asubuhi nimeingia kichakani kujisaidia, nikakaa huko mpaka nyimbo zikapotea bondeni. Kisha nikapanda lori la chakula, chini ya turubai, kati ya masufuria na viazi. Mama Grasiana, mpishi wetu, akaniuliza kama naumwa au ni kusoma kwingi. Nikamwahidi kumwoshea masufuria yote. Akanishusha karibu na mjini, kabla ya Kilole, kwenye shamba la mkonge. Hapo nikajipaka matope kuanzia kisigino hadi nyusi. Nani atasema sikutembea?

Wakaja. Wote wasafi! Walikuwa wameoga mtoni na kuvaa mashati meupe, kama watu wanaoingia mjini. Chini ya turubai mambo hayo huyajui. Nikajipenyeza mstari wa mwisho, nanuka kama kambare. Semboja akaninong'oneza kwamba, ndugu yangu, matope ya Bungu ni mekundu, haya meusi umeyaokota wapi. Nikaliona duka la baba. Nikaisikia hata harufu ya mafuta ya taa.

Bwana Hiza akanivuta mbele ya umati. Akauinua mkono wangu, akasema tazameni, ndugu zangu, kijana huyu hakusimama hata kunawa. Makofi. Mama Grasiana akapaliwa.

Jumatatu, 13 Novemba
Nimethibitishwa. Mimi!

Bwana Hiza amesema moyo kama wangu usiozee mezani. Kwa hiyo mimi sasa ni karani wa matembezi. Alhamisi tunaanza Handeni, kijiji kwa kijiji, kwa miguu, mpaka vijiji viishe. Semboja naye amebakizwa, maana lazima mtu akalie kiti changu. Ameniaga vizuri. Amenitakia viatu viwili.

Sina wasiwasi. Kosa lilikuwa rangi tu. Mama Grasiana ameolewa Handeni, na nimeshamwomba aniletee kopo la udongo wa huko. Safari hii nitafanana na wenzangu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, kama unataka kunirudishia daftari, usije ofisini, wala usinitafute penye bendera. Ngoja lori la chakula lisimame. Gonga turubai taratibu, uliza kama viazi vipo. Nitakohoa.