Malalamiko Kuhusu Mafaili Yasiyopotea

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu kutoka chumba cha mafaili, nilimokaa miaka ishirini na sita bila kulalamika. Leo nalalamika kuhusu XML, namna mpya ya kuandika mafaili kwenye kompyuta.

Binti wa kompyuta, aliyeletwa kuyaingiza mafaili, alinieleza kwa upole. Kila taarifa huwekwa kati ya lebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, zinazosema ni taarifa ya nini: jina, umri, dawa inayomdhuru mgonjwa. Kompyuta yoyote huisoma, hata ya hospitali nyingine. Hata mimi niliisoma kwa miwani yangu. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

1. Mafaili hayapotei. Zamani manesi walinijia: "Shikamoo mzee, tuokoe." Nilikuna kidevu, nikapanda ngazi, na baada ya saa nzima nikateremka na faili na heshima. Siku hizi haniamkii mtu.

2. Maabara na duka la dawa hawagombani tena. Kila upande ulikuwa na fomu zake, nami ndiye niliyewasuluhisha. Sasa wanasoma kitu kimoja na wanakula meza moja. Msuluhishi haalikwi.

3. Mashine hukataa lebo isiyofungwa. Nilisahau moja, kazi ikarudishwa pamoja na namba ya mstari niliokosea. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kujua kosa langu liko mstari wa ngapi.

4. Maradhi haya yamefika nyumbani. Mke wangu, baada ya kunisikiliza, amebandika lebo kwenye kila kopo. Kopo la sukari nililolijua mimi peke yangu sasa hata mashemeji wanalifikia.

Kwa hiyo naomba hospitali ipoteze walau mafaili matatu kwa wiki. Nitayachagua mwenyewe, na mahali pa kuyapoteza ninapo.

Nisalimie manesi, maabara, duka la dawa, na binti wa kompyuta pia, hana kosa.

Wako mtiifu,
Mtunza Mafaili

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mdogo wangu amepiga simu. Mama alianguka akiwa kwake, akapelekwa hospitali ya huko. Nesi alishika sindano, akatazama kompyuta, akairudisha sindano: "Mama, hii ingekuua." Faili la mama nililifungia kwenye droo yangu lisiingizwe kwenye mashine. Kumbe binti alishalinakili kabla sijalifungia, nilipokwenda kunywa chai.

Ombi langu nalifuta. Ufunguo wa droo umo humu ndani ya bahasha. Drooni mna mafaili mengine kumi na moja.