Karibu Useme Machache

Jumatatu, 2 Juni

Miaka kumi na tisa nimekaa masjala nikipanga mafaili ya watu wengine. Basi! Mimi nimezaliwa kuhutubia. Sauti ninayo, kitambi cha heshima ninacho, suti ya kijivu ninayo. Kinachokosekana ni mwaliko tu.

Leo mwalimu mkuu wa shule ya binti yangu kaijibu barua yangu. Kasema kwa upole kwamba hawezi kumpa hotuba ya mahafali mtu ambaye hajawahi kumsikia akihutubia. Atanisikiaje kama hanipi nafasi? Na binti ameshalitangazia darasa zima la kidato cha nne kwamba msemaji ni baba yake. Mimi ndiye niliyemwambia atangaze.

Dawa nimeipata. Kama hawanialiki, nitaandaa mkutano wangu, nijialike mwenyewe, na mwalimu mkuu akae mstari wa mbele asikie. Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi wa maktaba. Mada: Amka, Ujitambue. Mgeni rasmi: mimi.

Jumatano, 4 Juni

Kadi arobaini nimegawa, ofisini na mtaani. Mwalimu mkuu kakubali. Mwingine aliyekubali ni mke wangu, naye kasema ataangalia. Mhasibu kasema Jumamosi ana msiba. Nikauliza wa nani. Akasema bado hajajua. Dharau iliyoje!

Alhamisi, 5 Juni

Akili ninazo, wasinione hivi. Hawa watu hawatoki nyumbani kwenda kusikiliza mtu. Lakini mwambie mmoja wao kwamba atashika kipaza sauti, utamkuta anapiga shati pasi. Nimewarudia wote na kadi mpya. Chini nimeandika kwa mkono wangu: "Karibu useme machache."

Hadi saa kumi jioni, thelathini na wanane wamekubali. Msiba wa mhasibu umeahirishwa. Mke wangu kaniuliza hayo maneno nimewaandikia wangapi. Nikasema wote. Akaniangalia, akaendelea kukunja nguo.

Nimemwalika hata Fundi, jirani yetu mshona nguo, ingawa huyo huongea kana kwamba anakatwa kodi kwa kila neno. Ukimwuliza suruali itakuwa tayari lini, anakuinulia vidole viwili. Kasema hana la kusema. Nikamwambia basi atoe neno la shukrani mwishoni. Hilo halisikilizwi na mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Hotuba imekamilika. Kurasa ishirini na nne. Nimeifanyia mazoezi masjalani, mbele ya kabati la mafaili ya wastaafu. Mkuu wangu wa kazi kaingia nikiwa kwenye ile sehemu ya kutoa machozi. Kanipa ruhusa ya kwenda zahanati.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika kwa hasira.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu mstari wa mbele, binti yangu pembeni yake. Mimi kama mgeni rasmi ilibidi niseme mwisho, ndiyo heshima yenyewe. Nikaanza na machache ya wageni. Machache! Mhasibu alisimama saa nne na dakika kumi akasema hana mengi. Saa tano kasoro dakika tano bado alikuwa anatusimulia utoto wake. Mwenyekiti wa mtaa aliwatambua waliokuwepo, kisha waliokuwa njiani, kisha waliotuma udhuru. Dereva wa ofisi alisema wenzake wameshayasema yote aliyotaka kusema, halafu akayasema yote. Mama wa duka la vipodozi alikuja na karatasi zake! Kila nikikaribia kipaza sauti, kuna mtu kanyanyua kadi, ananionyesha mwandiko wangu mwenyewe.

Saa saba kasorobo mtunza maktaba akaja na funguo. Kasema saa saba anafunga. Nikamwambia hotuba ndiyo kwanza inaanza. Kasema neno la shukrani, watu watoke. Basi akasimama Fundi. Kipaza sauti hakukigusa.

"Sare za watoto hawa nazishona mimi tangu darasa la kwanza," alisema. "Kila nguo naiachia pindo pana, kwa sababu najua watakua. Mwaka huu wasichana wa kidato cha nne wameniletea sketi zao, nimeshusha pindo la mwisho. Kitambaa kimekwisha. Asanteni kwa kuja."

Akakaa. Mwalimu mkuu akatoa leso. Mke wangu akaiazima. Binti yangu analia waziwazi. Hotuba yangu iko mfukoni, nzima, haijaguswa, na watu wanalilia pindo!

Jumapili, 8 Juni

Mwalimu mkuu kamwomba Fundi ahutubie mahafali. Mtu niliyemwalika mimi! Fundi mwenyewe kaja hapa nyumbani, kofia mkononi, kasema kama nitaumia atakataa. Nikamwambia siumii hata kidogo, nikamfungia mlango.

Kisha binti kaja kukaa karibu yangu. Nilijua anakuja kunilaumu, maana darasani sasa watamcheka. Hakulaumu.

"Baba, mimi sikutaka hotuba," alisema. "Nilitaka usimame pale mbele siku yangu, basi. Nimeongea na mwalimu, amekubali umtambulishe Fundi. Dakika mbili. Utaje jina lake, ukae."

Nimeona aibu, na hapa naandika kwa siri. Mtoto kaenda kuniombea nafasi. Nilimshika mkono nikamwahidi: dakika mbili, mwanangu, hata sekunde moja haizidi.

Jumanne, 10 Juni

Dakika mbili! Hivi kweli kuna mtu mwenye akili zake anayetambulisha binadamu kwa dakika mbili? Huwezi kumtaja Fundi bila kueleza ni nani aliyemvumbua. Huyo aliyemvumbua huwezi kumgusia juujuu, lazima uanze na utoto wake, upite masjala, ufike Amka, Ujitambue, na hapo hujafafanua chochote. Nimemwandikia mwalimu mkuu kumshauri mahafali yaanze saa moja asubuhi badala ya saa tatu.

Niko ukurasa wa thelathini na moja. Binti kapita mezani, kaona rundo la karatasi, kauliza ni nini hiki. Nimemwambia ni jina la Fundi.