Bastola Yenye Baba Tisa

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku kubwa! Leo karakana yetu imeingiliwa na Mmarekani, Bwana Whitlock, mrefu kama ngazi, na bastola ndani ya kitambaa chekundu. Ni ya baruti nyeusi, nakala ya zile za vita vyao vya kale. Huko kwao Ohio kila kiangazi watu huviigiza vita hivyo, huvaa sare za buluu na kufyatuliana moshi. Watu wazima na vitambi vyao! Bastola ilikuwa ya marehemu baba yake. Juu kuna jina la duka la Marekani tu, la mtengenezaji hakuna. Amekuja bondeni kwetu, maana nakala hizi hutengenezwa huku, amtafute aliyeitengeneza ampe mkono. Basi. Kavuka bahari kwa ajili ya mkono!

Fundi Bortolo aliikagua dakika moja, akatabasamu peke yake, akamwambia mgeni arudi Jumapili kwenye karamu ya nyama. Kisha akatugeukia mimi na binamu yangu Gervasio. Atakayemtaja mtengenezaji atapewa meza ya dirishani, ya kuunganisha bastola. Atakayeshindwa ataenda kwenye mapipa ya tindikali mpaka Pasaka. Mapipa! Aliyetoka huko juzi hana nyusi.

Sikungoja. Niliona nyota imegongwa kwenye chuma, nikatangaza: kiwanda cha Nyota! Karakana nzima ikashika mbavu. Fundi akasema, "We Tino, hiyo ni ya serikali. Kila silaha ya bonde hili ikishapimwa hugongwa nyota. Hata bunduki ya padri inayo!" Sawa. Nilikuwa nawapima tu.

Gervasio hakucheka. Alilaza karatasi juu ya bastola akasugua penseli, hapa, pale, hadi chini ya mtutu. Kama mtoto wa chekechea. Maskini, shule imemharibu.

Nyumbani nimekula biskuti kumi na moja za Bibi Menega, zile zenye kajogoo katikati. Akili nyingi hula sukari nyingi.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: wazee. Nimewaleta tisa kutoka baa ya mtaani waione. Wa kwanza kashika nyundo ya bastola, machozi yakamlenga, akasema aliipiga tupa yeye mwenyewe, jikoni kwake, mkewe akisonga polenta, ugali wetu wa mahindi. Wa pili akamwambia aache uongo, nyundo ni yake, mwenzake hata kisu cha siagi hakuwahi kukinoa. Wa tatu kadai skrubu. Skrubu moja! Aliitambua kwa kuilamba.

Ndiyo shida ya bonde letu. Enzi hizo viwanda viligawa vipande nyumba kwa nyumba, kwa hiyo kila mzee ana mtoto wake ndani ya kila bastola. Kufika saa sita nilikuwa na baba tisa wa bastola moja, na pua moja inayovuja damu. Si yangu. Nilikuwa chini ya meza.

Jumatano, 9 Oktoba

Wazo la ajabu! Alama haionekani kwa sababu ya uchafu. Mtu mwenye shule asingeligundua hili.

Nikachukua msasa, mafuta, na gurudumu la kung'arishia. Sasa inameta kama kijiko cha askofu. Chini ya mtutu, pale panapofichwa na mkono wa kushindilia, ule wa kusukumia risasi ndani, palikuwa na doa bishi, umbo lake kama kuku aliyekanyagwa na lori. Nimelisugua nusu saa. Limekwisha! Kwa bahati mbaya hakuna alama yoyote iliyojitokeza. Ajabu.

Wakati wa chakula Bibi kauliza kama nimetazama chini ya mkono wa kushindilia. Nikamwambia, bibi yangu mpenzi, hayo ni mambo ya mafundi, wewe tazama polenta isishike chini. Kanitazama mpaka polenta ikashika chini. Si nilisema?

Ijumaa, 11 Oktoba

Jana nimefikiri kutwa. Gervasio anakula tufaha na kupiga mluzi, karatasi zake mfukoni. Amekata tamaa, ni dhahiri.

Mpango wa tatu, mama wa mipango! Kama mtengenezaji hajulikani, kwa nini asiwe Fundi Bortolo? Nani atakataa heshima bila kuiomba? Mchana, wote walipokwenda kula, nikatoa mhuri wa Fundi kwenye droo, nikaugonga palepale nilipong'arisha. Herufi zimesimama kichwa chini. Nikagonga tena kurekebisha. Sasa chapa ziko mbili, moja inaitazama nyingine kama wagomvi. Inapendeza! Inaonekana ya kale.

Jumapili, 13 Oktoba

Karamu. Nyama na viazi vimezunguka motoni tangu alfajiri. Bwana Whitlock kavaa tai. Nikasimama juu ya kiti, nikashusha mkono wa kushindilia, nikatangaza: baba wa bastola ni Fundi Bortolo wetu!

Fundi akavaa miwani. Akasema mwaka ule wa bastola yeye alikuwa anafagia karakana ya mtu mwingine, na mpaka leo hajawahi kugonga jina lake kichwa chini.

Gervasio akatoa karatasi. Penseli ya Jumatatu. Katikati, kajogoo kadogo, mkia juu. Fundi akavua kofia. Nikajua nimewahi kukaona mahali. Wapi? Wote wakageuka kutazama sahani ya biskuti.

Bibi Menega akainuka. Akasema jogoo ni mhuri wa marehemu mumewe, babu yangu Defendente, aliyefunga karakana mwaka niliozaliwa. Tangu hapo mhuri ameuhamishia kwenye biskuti. Na mti wa kitako cha bastola, akasema, aliuchonga yeye Bibi mwenyewe. Bwana Whitlock akampa mikono yote miwili, hakuiachia mpaka nyama ikapoa.

Kisha Bibi akataka kumwona jogoo mwenyewe kwenye chuma. Akaangalia. Akaangalia tena. Akasema, "Tino, mume wangu umemng'arisha vizuri." Nyama sikuimaliza. Nilikula vipande vinne tu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimeanza mapipa. Nyusi ya kushoto imeaga. Gervasio yuko dirishani na jua lake.

Lakini usiku nilihesabu kila kitu, na kosa halikuwa langu, lilikuwa la mhuri. Niligonga mhuri usio wake! Bastola bado iko mezani, Bwana Whitlock anaichukua saa nne. Mhuri wa jogoo ninao mfukoni, nimeuchomoa kwenye unga wa Bibi. Pigo moja, na babu anarudi mahali pake. Watalia! Watanipa meza!

Nimefanya jaribio moja kwenye meza ya Gervasio. Jogoo kasimama kwa kichwa, miguu juu. Si kitu, ile ni mbao. Chuma huwa kinanielewa.