Omar na Kiondo Kilicholevya Jipu

Sogeeni, enyi watu wa Thika, na ninyi wa Ruiru msibaki mlangoni! Anayepika aepue sufuria, kinyozi amwache mtu nusu kichwa, maana habari hii haingoji. Ni habari ya Jumamosi ile ya mwaka wa hamsini na tisa, Omar, Simba wa Usukani, Bwana wa Pedali Tatu kwa Miguu Miwili, alipolipigania jina lake mbele ya kijiti kilichochorwa chaki.

Jina lenyewe lilikuwa limechafuka. Gari aina ya jipu la tajiri wake Gachanja, mwuza mananasi, lilikuwa kongwe lililorudi kutoka vita vya Mjerumani na matundu ya risasi, au ya kutu, wajuzi hawajaafikiana. Nalo lilikuwa limeanza kunywa petroli kama wageni wa arusi wasioalikwa. Galani mbili zilizozoea kulipeleka Ruiru na kulirudisha Thika sasa zilikata roho Juja, njiani kurudi, na wenye jipu wakasukuma.

Wakonyo, mkewe Gachanja, Tarumbeta ya Soko, alikwisha kutoa hukumu kwenye mafungu ya nyanya. "Omar anafyonza petroli kwa mpira, anauza! Mmeona viatu vyake vilivyo vyeupe? Kwa mshahara wa mume wangu, kweli?"

Wiki mbili kabla, Gachanja alikuwa amemwendea Nzioka, fundi wa Ruiru. Nzioka, akiwa chini ya lori linalonguruma, aliutazama moshi mweusi wa jipu lile na kupaza neno moja tu. Gachanja alilisikia waziwazi: chaki. Akaistaajabia hekima hiyo. Akanunua chaki, akachora mstari kwenye kijiti cha kupimia tangi, akatangaza: jipu likirudi kutoka Ruiru na petroli chini ya mstari, ufunguo utamtoka Omar uende kwa Philip, mpwa wa Wakonyo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa ameendesha punda tu.

Basi majeshi yakapanda. Mbele, kuulinda mkono wa Omar, akaketi Wakonyo na kiondo cha viazi vitamu, akakitundika mbele yake kama kawaida. Nyuma wakabanana Gachanja na Mzee Simeon wa kanisa, shahidi wa kupima, kijiti kikiwa wima mkononi mwake kama mkuki.

Omar hakugeuka. Tangu aandikwe kazi hajawahi kumtazama mke wa tajiri; adabu yake ilikuwa kukijibu kioo cha mbele.

"Omar, mbona mkono umeshuka?"

"Nabadilisha gia, mama," akakiambia kioo.

"Tena? Ziko ngapi?"

"Tatu, mama."

"Ati tatu! Simeon, andika."

"Siwezi, nimeshika kijiti."

Nyuma yao moshi ulitanda kama vumbi la farasi elfu. Akilini Omar akauona ufunguo mkononi mwa Philip. Akajiona akipita sokoni na viatu vyeupe, akina mama wakinong'ona.

Karibu na njia ya Kalimoni, jipu likaanguka shimoni na kutoka. Kiondo kikaporomoka! Viazi vikatawanyika kama askari walioshindwa, na kimoja, jitu la viazi, kikajichimbia chini ya breki. Omar akasimamisha jipu kwa gia na dua, akainama kukitoa, na alipoinuka, kwa mara ya kwanza maishani, akatazama upande wa mama.

Akaona. Kishikizo cha choki, kile kivutwacho asubuhi injini ikiwa baridi ili inywe petroli kwa wingi, kisha kurudishwa, kilikuwa kimetoka nje kama ulimi wa mbuzi. Yeye alikirudisha kila asubuhi. Kiondo, kilichotundikwa hapo hapo, kilikivuta tena kila safari.

Shujaa akapanda juu ya kiti, akanena:

"Enyi mliomo jipuni! Mwizi nimemwona! Ana mdomo mpana, ana tumbo la viazi, na amekaa hapa mbele siku zote!"

"Ngai! Unanisema mimi?"

"Kiondo, mama! Nasema kiondo!"

Akanyoosha kidole gumba, akakisukuma kishikizo ndani. Moshi ukakatika. Injini ikaimba.

Huko Ruiru Nzioka akapangusa mikono. "Si niliwaambia? Choki!"

"Na tulinunua," akasema Gachanja, akamtolea kipande cha chaki.

Nzioka akarudi chini ya lori lake.

Thika nzima ilikuwa imejaa uani kwa Gachanja Simeon alipotumbukiza kijiti. Akakitoa. Akavaa miwani. "Vidole viwili," akatangaza, "juu ya mstari!" Vigelegele vikapaa, na Philip akaenda kumlisha punda wake.

Wote wakamgeukia Wakonyo. Akajifunga leso upya, akainua sauti iliyofika hadi mtoni:

"Si nilisema mimi? Omar ni mtu safi! Hamkuona viatu vyake?"

Basi iandikwe katika historia: siku hiyo kishikizo kilirudi ndani kwa urefu wa kidole kimoja, na nchi ikatulia kutoka Thika hadi Ruiru. Kama wino hakuna, chaki ipo.