Kandambili Chini ya Bafle

Jumapili, tarehe 10 Novemba

Aibu! Bafle, ile spika yetu kubwa, imeniaibisha mbele ya kanisa nzima. Pasta Wilfried alifika tu mahali pa kuinua sauti, bass ikapiga, bafle ikaruka juu ya mbao za jukwaa, na glasi yake ya maji ikatembea yenyewe mpaka kwa Biblia. Isaya yote ikalowa. Batu balicheka. Wa kwanza kucheka ni Néhémie. Nilimuona!

Néhémie ni mupiga gitaa wetu. Amerudi kutoka Uvira na karatasi inayosema eti ni tekinisiye, fundi wa vyombo vya sauti. Karatasi iko na tampo mbili, muhuri juu ya muhuri. Nani anahitaji tampo mbili kama hana kitu cha kuficha?

Kisha, ibada ilipoisha, Pasta akaniita pembeni. Alisema kwa upole, na upole wa Pasta ndio mubaya, kwamba Jumapili ijayo chorale ya kanisa la Lulimba inakuja kuimba kwetu. Kama bafle itatetemeka tena, sono, bafle na vyombo vyote vya sauti, inaenda kwa Néhémie. Sono yangu! Na mi nitabaki nani? Mutu wa kufuga bata. Ni kwa ajili ya sono huu mji muzima wa Baraka unaniita Injenia Darius. Hata mama mukwe ananiita Injenia, na hanipendi.

Nani alilegeza mbao za jukwaa? Nauliza tu.

Jumatatu, tarehe 11 Novemba

Nimepata dawa! Kwa telefone kuna mutu anatengeneza kiti cha bafle: mbao, mpira, mbao, mpira. Mutetemo unaingia, unapotea katikati, haufiki chini. Rahisi sana. Mbao niko nayo, ni mulango wa choo yetu. Muke wangu Aline bado hajaona.

Mpira ndiyo shida. Nilienda kwa batu ba moto, wale ba pikipiki, kuomba shambrer za zamani, mipira ya ndani ya magurudumu. Balisema hawana, eti wanazifungia mizigo ya kwenda Misisi. Wote balijibu maneno yale yale. Kuna mutu alinitangulia kupita pale. Simtaji jina. Anapiga gitaa.

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Maombi ya jioni. Tangu kanisa lipate moket mupya, zulia la chini, Pasta amekataza viatu ndani, vyote vinabaki mulangoni. Nilichelewa kidogo. Nikatazama lile rundo. Kandambili, kandambili, kandambili. Mpira mutupu! Nilisimama pale kama Musa mbele ya kichaka.

Sikuiba. Naandika wazi ili Mungu asome. Nilichukua za kushoto tu. Mwizi anachukua pea ili avae. Kandambili moja hakuna mutu anaivaa, kwa hiyo si wizi, ni kuazima. Tena nilichagua zilizochoka. Ile ya Mama Émilienne, mukubwa wa chorale, ilikuwa imeshonwa na uzi wa nyavu. Mutu wa namna ile anangoja tu sababu ya kununua ingine. Nimemusaidia.

Alhamisi, tarehe 14 Novemba

Kelele kanisani. Mama Émilienne alisema mwizi wa kweli hawezi kuacha mguu wa kulia. Hii ni bulozi, uchawi! Kuna mutu anataka kufunga miguu ya chorale isicheze mbele ya Lulimba. Bamama balipiga yowe. Pasta akaunda komite ya kuchunguza. Na nani amewekwa kwa komite? Injenia!

Nilizungumza kwa busara. Sikutaja jina. Niliuliza tu, nani kati yetu hajapoteza kitu, anavaa viatu vya kamba, na ametoka Uvira juzi juzi? Wote baligeukia Néhémie. Yeye pia aligeuka, akamutafuta huyo mutu nyuma yake. Moyo uliniuma. Kidogo. Lakini si ni yeye alicheka wa kwanza?

Komite ilifunga kwa maombi, macho yote yamefumbwa. Viatu vya komite vilikuwa mulangoni, na mi nilikuwa bado napungukiwa mpira kidogo. Nilitoka kabla ya amina.

Jumamosi, tarehe 16 Novemba

Kiti kimeisha! Kandambili, mbao ya choo, kandambili, mbao ya choo, mpaka kifuani. Niliweka bafle juu, nikafungulia bass yote. Glasi ya maji chini haikutikisika hata kidogo. Bata balikimbia, lakini glasi ilisimama. Nililia, sifichi. Mi, mwenye sikumaliza école ya musingi!

Aline aliuliza mulango wa choo uko wapi. Nilimuambia kuna mwizi katika hii mutaa. Alinitazama sana.

Sasa siri isionekane. Nimefunika kiti na kitenge, kile cha ndoa, Aline anakiweka chini kabisa kwa sanduku. Hatajua.

Mara nani anabisha? Néhémie! Anauliza kama nahitaji musaada wa kubeba. Musaada! Mupelelezi. Nilikaa juu ya kiti mpaka akaenda. Alisema bamama hawamusalimii tena, hajui amewakosea nini. Nilimujibu mambo ya dunia ni magumu.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Naandika nikilala kifudifudi. Mugongo!

Mwanzo ilikuwa utukufu. Lulimba baliimba, bass ikashuka mpaka tumboni, na glasi ya Pasta tuli. Mukubwa wao aliuliza injenia wa hapa ni nani. Pasta alinitazama kama baba. Nikamutafuta Néhémie kwa macho nione wivu wake. Anatingisha kichwa, anatabasamu. Anatabasamu nini?

Halafu chorale yetu ikapanda. Aline anaimba sauti ya alto. Katikati ya wimbo alinyamaza. Alikuwa anatazama bafle. Hapana, chini ya bafle. Alishuka, akafika, akavuta kitenge chake.

Mama yangu! Mbele ya Mungu na Lulimba, kandambili zote za Baraka zikaonekana, zimepangwa vizuri. Mama Émilienne akakaribia, akaona uzi wa nyavu. Aliniita jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Akainama, akachomoa yake. Wengine bakafuata kwa foleni, kama kwa meza ya Bwana, kila mama na yake. Bafle ikaanza kuinama. Nilikimbia, nikaibeba na mugongo.

Pasta alisema wimbo usikatike. Haukukatika. Nilikuwa kiti mpaka baraka ya mwisho. Bass iliingia kwa mugongo, ikatokea kwa meno. Mutu moja tu alikuja kushika upande wa pili: Néhémie, bila mutu kumuomba. Anataka nini kwangu?

Hukumu: nilimuomba Néhémie musamaha mbele ya wote. Sono imepewa yeye. Na mi, mpaka Noeli, nilinde viatu mulangoni. Pasta anasema mwizi aliyetubu ndiye mulinzi muzuri. Nani alitubu?

Jumapili, tarehe 24 Novemba

Naandika hapa hapa mulangoni, juu ya jiwe. Ninalinda hewa. Hakuna mutu ananiachia kitu. Bamama baliingia na kandambili kwapani. Mama Émilienne ameweka zake ndani ya saki, mufuko wake wa Biblia. Pasta mwenyewe alipita na viatu juu ya moket yake! Hawaniiti tena Injenia. Bananiita Kushoto. Inaniuma, acha niandike: inaniuma sana.

Moja tu alisimama. Néhémie. Alifungua kamba, akaweka viatu vyake mbele ya miguu yangu. Alisema, kaka, yale yamepita, mi nakuamini, nilindie. Akanigusa bega, akaingia na soksi.

Mutu anakuamini bila sababu? Baada ya mambo yote nilimutendea? Haiwezekani. Iko na mpango.

Sasa nasikia bafle inaruka ndani. Glasi inalia. Hahaa! Tampo mbili! Pasta atanikumbuka tu, siku moja ataniita, na lazima anikute niko tayari na kiti kingine. Kizuri kuliko cha kwanza. Mpira mzuri tu ndio unakosekana.

Nimegeuza viatu vya Néhémie. Soli nene, laini. Unabonyeza na kidole, inarudi yenyewe. Sijaona mpira kama huu tangu nizaliwe. Na ameviacha mikononi mwangu, hivi hivi! Ananijaribu. Wazi kabisa, ananijaribu mbele ya kanisa. Basi atajua mi si mutu wa kujaribiwa.

Nimekata soli ya kwanza. Pasta bado iko kwa utangulizi wa mahubiri.